Kifuniko cha Gikomba

Kuna sauti moja ambayo hata leo nikiisikia, naacha nilichoshika. Si ya bunduki, ingawa hizo pia tumezisikia huku kwetu. Ni sauti ya injini ya gari dogo ikikohoa, ikakohoa tena, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaghairi, kisha kimya. Usukani unakuwa mzito. Taa nyekundu zinawaka pale mbele. Na kwenye kiti cha nyuma namsikia mke wangu akivuta pumzi na kuishikilia.

Yeye ndiye aliyenifanya niogope. Kama ningekuwa peke yangu, gari lingezima, ningeshuka, ningekaa ukingoni mwa mtaro nikangoja. Mtu wa umri wangu hana haraka na lolote. Lakini mke wangu figo zake zimekufa, na kila wiki lazima nimfikishe kliniki moja upande wa Kayole awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapo huwezi kusema leo tumekosa, twende kesho. Mashine zina foleni. Ukichelewa anawekwa mwingine, na wewe unarudi nyumbani na maji yako mwilini. Aliwahi kukosa mara moja. Maji yalianzia miguuni, yakaja tumboni, yakapanda kifuani, akawa analala amekaa, mgongo ukutani, anavuta pumzi kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija. Mimi nilikaa naye nikimtazama tu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai na sikukumbuka kukinywa. Tangu siku hiyo, gari likikohoa, mimi naona ule ukuta.

Mtaniuliza, kwani matatu hakuna? Zipo. Kwa miguu yake ile, iliyovimba hadi viatu vyake amempa dada yake, kupanda ngazi ya matatu ni kama kupanda mlima, na makanga hangoji. Pikipiki hawezi. Yale magari ya kuitwa kwa simu tulijaribu, dereva akatupigia akisema amefika na yuko wapi hatujui, sisi tunaangalia mlango na yeye anaangalia ramani, mpaka akachoka akaenda zake. Basi tukabaki na gari letu.

Na gari lenyewe ni zee. Nilifika darasa la nne tu, kwa hiyo msinitake nieleze kitaalamu, lakini hili najua: ni gari dogo la Kijapani la zile siku za kabureta, kabla ya haya ya kompyuta. Nililinunua nikistaafu reli, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anarudi kwao magharibi, ambako hata sisi ndiko kwetu. Mimi reli nilikuwa kwenye gengi, wale watu wa kubadilisha mataruma ya chini ya reli na kukaza misumari. Nimepiga nyundo jua na mvua. Nyumba hii ya Kaloleni tuliyomo ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi, ukuta wa mawe, paa la vigae, na ndani yake tumelea watoto wote na wote wameondoka. Nasema haya ili mjue gari lilikuwa linalala nje. Na kitu kinacholala nje Kaloleni si chako peke yako.

Asubuhi moja nilikuta kifuniko cha tangi hakipo na petroli imenyonywa. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza chapati mlangoni kwake, akanipa pole kwa namna yake.

"Mzee, shukuru wamechukua kifuniko. Upande ule mwingine wamechukua magurudumu, gari likabaki limekaa juu ya mawe kama kuku anayetaga."

Nikaenda Gikomba. Watu wanadhani Gikomba ni nguo tu. Ukipita marobota ya mitumba na maseremala, ukafika kule kunakogongwa mabati, kuna watu wana vyuma vya kila gari lililowahi kufa Kenya. Nilijaribu vifuniko mpaka mikono ikawa myeusi tupu. Kimoja kikakubali, ila kilikuwa kinacheza kidogo, na katikati yake kilikuwa na kitundu kidogo sana, kama cha sindano. Aliyeniuzia akasema, "Hiyo imekuja nayo, mzee. Usijali." Nami sikujali. Kwa kuwa kilikuwa kinacheza, nilipofika nyumbani nilikata pete kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nikaivika ndani. Kikakaza barabara. Kukizungusha ilikuwa kazi ya kukunja uso. Nikajisifu: sasa aje mwizi.

Kitu kingine mjue, geji ya mafuta ilikuwa imekufa kabla hata sijalinunua gari. Mshale ulilala kwenye sifuri, tangi lijae au likauke. Kwa hiyo nilikuwa na waya wa breki ya baiskeli, wa kupindika, nimeufungia nyuma ya kiti. Nikitaka kujua kuna mafuta, nafungua kifuniko, natumbukiza waya, nautoa, naangalia umelowa mpaka wapi. Watu walinicheka. Lakini waya haukuwahi kunidanganya.

Basi wiki zile za mwanzo mke wangu alikuwa anatapika njiani. Alikuwa anabeba limau lililokatwa nusu, analiweka puani, na mfuko wa karatasi magotini. Nilijua ni ugonjwa. Nesi alikuwa ametuambia kichefuchefu kitakuja. Halafu siku moja, nikimwangalia kwenye kioo, nikaona hana limau. Safari iliyofuata pia hana. Nikamuuliza.

"Leo hujabeba limau lako, Mama?"

"Siku hizi nimepata nafuu kidogo, Baba," akasema, akaangalia nje.

Nilifurahi. Jumapili hiyo kanisani nilisimama nikashukuru mbele ya watu, nikasema dawa zimeanza kufanya kazi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani anaomba.

Na ni hapo hapo gari lilipoanza kuzima.

Mara ya kwanza ilikuwa Barabara ya Jogoo, asubuhi, katikati ya magari. Lilikuwa linaenda vizuri tu. Tulikuwa tumeshatembea mwendo wa kutosha, injini imepata moto, nikahisi linavutwa nyuma, kama kuna mtu ameshika bampa. Nikakanyaga mafuta, likazidi kulegea. Likakohoa. Likazima. Nikapiga stata, inazunguka tu, wiu wiu wiu, haishiki. Nyuma yangu honi zikaanza. Matatu moja ikanipita karibu kunikwaruza, makanga amening'inia mlangoni.

"Buda! Peleka hiyo birika jikoni!"

Na mwingine, "Mzee, si ulale nyumbani na hiyo mkebe yako!"

Mimi nikashuka. Akili ya mtu aliyeogopa inafuata njia inayoijua: pengine mafuta yameisha. Nikachukua waya wangu, nikakizungusha kile kifuniko kwa nguvu zote, kikafunguka kwa sauti, fyuuu, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya mzigo. Nikatumbukiza waya. Petroli ipo. Nikafunga. Nikarudi, nikapiga stata bila matumaini, likawaka. Likatufikisha kliniki kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Nilikuwa naomba," mke wangu akasema.

"Endelea," nikamwambia.

Ikawa hivyo. Safari baada ya safari, tukishafika mbali kidogo, linavutwa, linakohoa, linazima. Mimi nashuka, napima mafuta, yeye anaomba, tunawasha, linawaka. Nikaamini linachoka. Nikasema ni la zamani, linataka kupumzika kidogo njiani kama mimi. Lakini hofu haikubali maelezo. Nilianza kuamka kabla ya jogoo siku ya kliniki, tumbo limejaa maji ya baridi. Chai haipiti. Nikiwa nimeshika usukani nilikuwa sisikii redio, sisikii mke wangu anasema nini, nasikiliza injini tu. Ukisikiliza injini sana utasikia kila kitu. Nilisikia vyuma vikisagana, nikasikia maji yakichemka, nikasikia hata sauti ya mama yangu aliyekufa zamani.

Nikalipeleka gari kwa fundi.

Fundi wetu ana kazi yake kando ya ukuta wa ukumbi wa jumuiya, ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na hupenda kuhubiri akiwa chini ya gari. Ukiongea naye unaongea na viatu.

"Mzee," viatu vikasema, "gari ni kama binadamu. Inataka chakula, inataka hewa, inataka moto. Ikikosa moja, inalala. Yako inalala ghafla ama inalegea kwanza?"

"Inalegea kwanza. Kama imeshikwa nyuma."

"Hiyo si moto. Moto ukikatika ni pap, giza. Ikilegea kwanza ni chakula. Ni njaa, mzee. Petroli haifiki."

Nikamwamini, na hapo alikuwa sahihi, mtaona. Akafungua chujio la petroli, akalipuliza kwa mdomo, likatoa uchafu wa rangi ya kahawa. "Unaona? Ulikuwa unalisha gari matope." Akaweka jipya. Safari iliyofuata, likazima karibu na mahali pale pale.

Akafungua kabureta, akaimwaga kwenye sufuria, akasafisha vitundu vyake kwa waya mwembamba na brashi ya meno ambayo natumaini hakuitumia tena. Likazima.

Akajaribu pampu. Akatoa bomba pale kwenye kabureta, akaelekeza ndani ya chupa, akaniambia nipige stata. Kabla ya hapo alikuwa amefungua kifuniko cha tangi aone kama petroli ipo, kama mimi tu. Petroli ikaruka ndani ya chupa, pwa pwa pwa, nzuri. "Pampu ni nzima kama yangu," akasema, akacheka mwenyewe. Aliliacha linanguruma pale ukutani akila mandazi, na halikuzima. Likawa linafanya adabu kwake na kunidhalilisha mimi. Mnajua mtoto anayelia nyumbani usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anatabasamu? Ndivyo.

"Mzee, hii gari haina kitu," akaniambia. "Ama ni wewe hujui kukanyaga."

"Nimeikanyaga kabla hujaota ndevu."

"Basi tufungue tangi tuone chini."

Akalifungua. Uchafu ulikuwepo kidogo, akautoa. Na akiwa humo akakuta boya la geji limekwama kwa kutu. Akalisugua, akalirudisha, na mara mshale uliolala miaka yote ukasimama. Nilifurahi kama nimepewa gari jipya. Ukasimama pale nusu, ukitetemeka kidogo.

"Sasa tupa huo waya wako wa baiskeli," akasema. "Petroli utaiona hapo mbele kama watu wengine."

Nikautupa. Hapana, nisiseme uongo, sikuutupa, niliuweka chini ya kitanda. Lakini garini haukuwemo.

Asubuhi iliyofuata ya kliniki nikaamua kupita njia ya nyuma, ile inayokatiza reli. Niliogopa Jogoo. Niliogopa makanga na midomo yao, niliogopa kuzima kwenye mzunguko na malori. Njia ya reli haina watu wengi. Haina geti pia, na mbao zilizokuwa zimelazwa katikati ya vyuma ili magari yapite laini zilishachukuliwa kuwa kuni, kwa hiyo unapita polepole, gurudumu linashuka, linapanda, linashuka, linapanda. Mimi ndiye niliyejua reli kuliko mtu yeyote kwenye barabara hiyo, na mimi ndiye niliyemleta mke wangu hapo.

Kabla ya kufika nilihisi linavutwa. Nikaona magurudumu ya mbele yameshapita chuma cha kwanza. Nikakanyaga. Likakohoa. Nikasema, "Twende, twende, twende," namwambia gari, kwa lugha ya mama. Likazima magurudumu ya mbele yakiwa ndani, katikati ya chuma na chuma.

Niwaambie kitu kuhusu treni, kwa sababu waliokaa ndani tu hawaijui. Treni haisimami. Dereva akikuona ameshachelewa. Sisi wa gengi tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, na siku moja tulitumwa kuokota mkokoteni uliogongwa ukiwa umejaa kabeji. Mwenyewe alikuwa ameruka, ni mzima, amekaa kwenye nyasi. Mkokoteni hatukuukuta. Tulikuta vijiti, na kabeji zimepasuka hadi mbali sana, na yule mtu akawa anaulizia jembe lake ambalo hakuwa nalo. Nilikuwa nimeisahau siku hiyo. Pale ndani ya gari niliikumbuka yote, hadi harufu ya kabeji.

Nikapiga stata. Wiu wiu wiu. Tena. Nikaangalia geji, nusu tangi. Petroli ipo, naiona kwa macho. Kwa hiyo sikushuka kuipima. Nikapiga tena, betri ikaanza kuchoka. Nikashuka nikajaribu kulisukuma, halikusogea hata kidogo, limeshikwa na vile vyuma. Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu ya reli kama tulivyokuwa tukifanya zamani, kusikia kama kuna treni inakuja.

Reli ilikuwa inatetemeka.

Sikumbuki nilivyofika kwenye mlango wa nyuma. Nilimshika mke wangu makwapani, nikavuta, na yeye ni mzito na mimi mgongo uliisha zamani. Nikapiga kelele. Mwanamume mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni mtupu, pengine anaelekea Gikomba kutafuta mzigo, akauacha akaja mbio.

"Mathe, shika shingo yangu! Shika vizuri, usiniachie!"

Tukambeba pamoja, tukamkalisha juu ya mkokoteni kama mzigo wa viazi, jamaa akausukuma mbali na reli, miguu ya mke wangu ikining'inia. Nikashukuru Mungu. Na katika kushukuru huko nikaona ule ukuta wa nyumbani, na yeye ameuegemea, anavuta pumzi. Maana treni ikilichukua gari, leo hafiki. Na kesho? Na wiki ijayo?

"Baba!" akaniita kutoka juu ya mkokoteni. "Mbona leo hujafungua kifuniko?"

"Kifuniko gani sasa, Mama! Toka hapo, rudi nyuma!"

"Cha tangi! Kila siku unafungua, linapumua, linawaka! Leo hujafungua!"

"Petroli ipo! Nimeiona kwenye geji!"

"Sikuulizi kama ipo! Nakuambia ufungue!"

Yule jamaa wa mkokoteni akaniangalia kama mtu anayeangalia wazee wawili wamechanganyikiwa. "Fungua tu, mbuyu," akasema. "Kwani ndani kuna nyoka?"

Nilirudi kwenye gari. Masikio yangu yalikuwa yameelekea upande wa mjini, yanangoja honi. Kifuniko kilikuwa kimekaza kuliko siku zote, kana kwamba kinavutwa kutoka ndani. Kiganja kikateleza kwa jasho. Nikavua shati, nikalifunga juu yake, nikazungusha. Kikaachia. Na sauti ilipotoka, haikuwa ile fyuuu ndogo niliyoizoea. Tangi lilivuta hewa ndani kwa mfyonzo mrefu, likalia kwa bati lake, dum, kama debe linalonyooka. Niliruka nyuma.

Nikaingia bila shati, nikapiga stata. Wiu. Wiu. Nikangoja. Nikapiga tena, kidogo likashika, likafa. Mara ya tatu likawaka. Nikakanyaga kama mwendawazimu, gurudumu likapanda chuma, likashuka, likapanda, na la nyuma likafuata kwa kishindo kilichonigongesha kichwa juu. Nikavuka. Nikasimama mbali, injini ikinguruma, kifuniko kikiwa bado mkononi, na sikuweza kukunjua vidole.

Treni haikuja. Tulimrudisha mke wangu ndani ya gari, jamaa akafunga mlango, akakataa asante yangu akisema yeye ana mama, na hakuna treni iliyopita. Baadaye nilisikia asubuhi hiyo treni yenyewe ilikuwa imezima huko mbele, abiria wakashuka wakatembea kwa miguu. Na ule mtetemeko wa reli? Ulikuwa mkono wangu.

Kliniki tulifika. Tulichelewa, nesi akanuna, akamwangalia mke wangu, akaniangalia mimi niliyevaa shati lililogeuzwa nje, akamkalisha kwenye mashine bila kuuliza. Nilikaa nje kwenye benchi mpaka alipomaliza. Kifuniko nilikuwa nimekilegeza, hakijafungwa vizuri. Tukarudi hivyo, na gari halikuzima kwenda wala kurudi, na ndani kulinuka petroli mpaka macho yakawasha. Mke wangu alifunika pua kwa kitambaa.

Tukapitia kwa fundi moja kwa moja. Nilimwambia yote, mke wangu akiwa ameketi mle mle garini, mlango wazi. Fundi safari hii hakuingia chini. Alichukua kifuniko, akakigeuza, akakinusa, akakiweka mdomoni akapuliza. Mashavu yakajaa, hewa haikupita.

"Ah," akasema. "Mzee, tangi ni kama chupa ya soda. Ukifyonza na umeifunika mdomo wote, ulimi unavutwa ndani, soda haiji. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie. Hako katundu ndiko pua yake." Akachukua sindano, akachokoa katikati ya kifuniko. Kikatoka kitu cheupe chenye ubuluu kidogo, kigumu. Akakisugua kati ya vidole vyenye mate, kikatoa povu.

"Sabuni," akasema. "Sabuni ya mche. Nani ameziba hapa na sabuni? Mzee, ni wewe?"

Mafundi wetu wote huziba tangi linalovuja kwa sabuni ya mche, petroli haiiyeyushi. Hata yeye alikuwa amenifanyia hivyo mwaka fulani, mbele ya macho yetu, pale chini ya tangi. Kwa hiyo swali lilikuwa halali. Lakini mimi nilikuwa nimevika tyubu tu. Sabuni sikuigusa. Nikaanza kuapa, nikataja Gikomba na wezi wa Gikomba.

"Ni mimi," mke wangu akasema kutoka ndani ya gari.

Tukageuka wote wawili.

"Harufu ilikuwa inatoka hapo kwenye katundu. Ndiyo ilikuwa inanitapisha. Siku moja nikifua nikabandika kipande." Alikuwa anaangalia magoti yake. "Wewe ulikuwa unalipenda sana hili gari, Baba. Na wewe ndiye unayenipeleka. Ningekuambiaje linanitapisha?"

Nilifikiria ile Jumapili nimesimama kanisani nashukuru kwa ajili ya dawa. Nilifikiria asubuhi zote nilizoamka na tumbo la baridi nikamwambia nimelala vizuri. Mimi nilikuwa nimelifunga gari mdomo, yeye akaliziba pua, na tulikuwa tumekaa ndani yake tukiogopa, kila mmoja kwa upande wake, bila kuambiana.

Fundi, ambaye midomo yake haijui kupumzika, akamwambia, "Mathe, wewe ndiye fundi hapa. Umeharibu mwenyewe na umetengeneza mwenyewe. Mimi nimekula mandazi tu." Mke wangu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu, na alipocheka alikohoa, na alipokohoa mimi nikashtuka, maana siku hizi kila kinachokohoa kinanishtua.

Kitundu kikazibuliwa. Gari halijazima tena. Nilimwambia nitatafuta kifuniko kingine, kizuri, kisichotoa harufu, na nimezunguka Gikomba, sijakipata cha gari letu. Limau limerudi, na mfuko wa karatasi magotini. Waya wa breki pia umerudi nyuma ya kiti, geji iseme inavyotaka.

Hofu haijaondoka. Mtu asiwadanganye kwamba ukijua ugonjwa wa gari hofu inaisha. Figo hazina kifuniko cha kuzungusha. Lakini njia ya reli bado tunaipita, kwa sababu Jogoo ni Jogoo, na nikifika karibu na vile vyuma nasimama kabisa, nateremsha kioo, nasikiliza upande wa mjini na upande wa pili. Kisha namuuliza, bila kugeuka.

"Inanuka, Mama?"

Akisema hainuki, nashuka na sindano nakagua kitundu. Ameshasema hivyo siku moja, kumbe mafua tu yalikuwa yamemziba pua, lakini nilishuka.

"Inanuka," anasema, limau likiwa puani. "Inanuka sana. Vuka."

Ndipo navuka.